Rangi ya Maganda ya Vitunguu

Mwaka ule tulikula maboga mpaka midomo ikachoka. Niliukumbuka juzi hapa Karatu, binti wa duka la watalii aliponishikisha kitambaa cha manjano cha manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa mpaka yakashikamana.

“Bibi, wazungu ndio walitufundisha kutia rangi kwa maganda ya vitunguu.”

Wamfundishe nani? Mama yangu aliyachemsha mwaka ule wa maboga, nikiwa mtoto! Nilisikia harufu nikadhani ni mchuzi, nikakimbilia bakuli. Kumbe anatia rangi blanketi la mdogo wangu.

Baba mdogo akaingia. “Shemeji, mzungu wa shamba la kahawa amelipenda hilo. Nipe nimpelekee.”

“Sitoi. Mwanangu alale na baridi?”

“Shemeji, yule ni bosi wangu!”

Mama hakuacha kukoroga.

“Sitoi. Mwanangu alale na baridi?”