Nilipangiwa kulala juu ya kichwa cha mjomba wangu

Salamu wakuu. Vijana mnaolilia vyumba vya hosteli, tulieni kidogo, babu yenu nipite na kisa changu. Chumvi sitaongeza. Kwa umri huu hata daktari amenikataza.

Miaka ya hamsini nilitoka Masisi kwa miguu, sanduku kichwani, kwenda kuanza shule ya ualimu ya misheni.

Kijijini kwetu hakuna aliyewahi kufika huko. Baba alishawatangazia watu wote wa kanisani kwamba analea mwalimu. Kwa hiyo habari ya kurudi nyumbani haikuwepo kabisa.

Mlangoni mwa bweni nikakuta orodha. Vitanda vilikuwa vya mbao, kimoja juu ya kingine. Mimi juu, na chini yangu mgeni mwenzangu kutoka Itebero, Walikale. Kafupi, hata ndevu hajaanza.

Kabla ya kufungua masanduku tukaulizana koo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ukoo wake ndio ukoo wa mama yangu. Tukihesabu vizazi, kale kafupi kalikuwa mjomba wangu!

Kwetu mjomba akikalia kiti, wewe unakalia mkeka. Desturi haikutaja vitanda vya ghorofa, lakini sote wawili tuliielewa.

"Mutoto ya dada yangu," akasema, mikono kiunoni, "miguu yako itakuwa juu ya kichwa yangu?"

"Hapana, mujomba."

Shida ni Furere, mtawa mzungu aliyesimamia bweni. Alishasema atakayebadili kitanda anarudi kwao siku hiyohiyo.

Basi nikalala sakafuni. (Wabishi, ninyi mngefanya nini?)

Asubuhi Furere akaja kukagua, akakuta kitanda changu hakina hata mkunjo.

"Wewe iko nalala wapi?"

"Chini, Furere."

"Kitanda ya misheni haikufai? Funga sanduku."

Wakuu, akilini nilimwona baba mlangoni mwa kanisa akitafuta pa kuficha uso.

Mara nikaona mjomba naye anafunga sanduku lake.

"Na wewe unaenda wapi?" Furere akamuuliza.

"Huyu njo mutoto yangu. Siwezi acha atembee peke yake. Nitamupeleka kwa dada yangu, nimueleze ni nini ilimufukuza: alikataa kuweka miguu juu ya kichwa ya mujomba yake."

Furere akamtazama yule mzazi anayenifika kifuani. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akachukua kalamu, akageuza majina yetu kwenye orodha.

Heshima ikarudi, mjomba akapanda juu. Ila maisha yake yote alikuwa amelala kwenye mkeka. Mapumziko ya mchana wa siku hiyohiyo, puu! Akaniangukia mbavuni, nikivua viatu kando ya kitanda. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mimi sikungoja hata saa moja.

Kushuka akakataa. Kumcheka siwezi, ni mjomba. Kwa hiyo miaka yote ya masomo nilimfunga kitandani kwa kamba kama mzigo wa kuni, halafu nikamtakia usingizi mwema kwa adabu zote.

Tulihitimu wote, tukafundisha, tukazeeka.

Mwaka jana tulimzika kwao Itebero. Walipomshusha, nikagundua nimesimama juu, yeye yuko chini. Nilishindwa. Nikakaa pale kwenye udongo, na suti yangu, nikalia. Wajukuu wakadhani ni jua.

Nilichojifunza: uliyepangiwa naye chumba usimpime kwa macho. Huenda ndiye atakayefunga sanduku lake kwa ajili yako.

Haya, ninyi mlipangiwa na nani? Semeni, simu yangu ina chaji.