Rangi ya Kucha kwenye Bolti za Kemshafti

Mke wangu alifariki mwezi wa pili. Mwezi wa saba nikakuta rangi yake ya kucha kwenye injini niliyoifunga kwa mikono yangu.

Msiniulize kama navuta kitu. Sivuti. Someni mpaka mwisho ndipo mcheke.

Mimi ni fundi magari. Ile miezi mitano nilikuwa nipo nipo tu. Nikiletewa chai nakunywa, nikiletewa gari natengeneza. Hata msibani sikulia, watu wakasifu, "jamaa kajikaza." Ukweli ni kwamba sikuwa nahisi kitu. Hata njaa nilikuwa nakumbushwa.

Aliyekuwa ananikumbusha ni baba mkwe. Alikuja kumzika binti yake, hakuondoka tena. Mzee amefunga mashine za kiwanda cha nguo miaka thelathini na moja, sasa amestaafu. Kila asubuhi ananifuata gereji, anakalia tairi kuukuu, anafungua gazeti. Kwa siku tulikuwa tunaongea maneno kama kumi, na nusu yake salamu.

Basi akaja daktari wa meno. Mtu mpole, miwani, watoto wawili wa shule, halafu anaendesha gari la turbo linaloamsha mtaa mzima. Kanunua gia mbili za kemshafti za kurekebisha; kemshafti ni ile mihimili inayofungua na kufunga valvu.

Gia za kawaida zinakaa pale pale kiwanda kilipoziweka. Hizi zina bolti tano ndogo usoni. Unalegeza, unaisogeza kemshafti digrii moja au mbili mbele au nyuma, turbo inaamka mapema, unakaza.

"Fundi, usizifunike," akaniambia. "Nataka zionekane. Nimenunua za bluu makusudi."

"Sawa, daktari."

Kwenye kukaza ndipo roho za watu zilipo. Bolti zikilegea injini ikiwa mbio, kemshafti inahama, valvu zinagongana na pistoni, injini inakufa hapo hapo. Uko barabara kuu, nyuma yako kuna lori. Malizia mwenyewe.

Ndiyo maana nina utaratibu. Nakaza kwa spana ya kupima mkazo, ikilia tu, naweka doa jeupe kwa kalamu ya rangi. Doa maana yake bolti imekazwa. Tangu nianze ufundi sijawahi kuidanganya hiyo kalamu.

Ijumaa nikafunga gia zote mbili, nikapima digrii. Nikatoka kwenda dukani kuchukua gasketi. Niliporudi nikazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, haikugusa popote. Nikawasha, ikakubali. Daktari akaondoka anacheka peke yake.

Jumatatu akanitumia picha ya injini. "Fundi, haya madoa mekundu ndiyo mtindo mpya? Nimeyapenda. Jumamosi nimewapeleka watoto kwa bibi yao, kilomita mia mbili, gari linapaa."

Madoa mekundu?

Nikaikuza picha. Gia ya kwanza, bolti tano, kila moja ina doa langu jeupe, na pembeni yake jekundu.

Gia ya pili, mekundu matupu. Jeupe halipo hata moja.

Nikakaa chini. Kama doa langu halipo, sikuzikaza. Nilizisokota kwa vidole, nikaenda dukani, nikarudi nikawasha gari la watu. Na nilipowasha nilikuwa nazitazama, ila sikuona kitu.

Watoto wawili kiti cha nyuma. Ndani ya miezi mitano, kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa woga.

Kisha nikaitazama vizuri ile rangi. Damu ya mzee, yenye chembe za kumeta. Kichupa chake nilikinunua mimi mwenyewe, wasichana wa dukani wakanicheka. Kilikuwa kwenye droo ya kitanda, upande wake.

Nikaenda nyumbani mbio. Ile droo nilikuwa sijaifungua tangu msiba. Kitana kipo, hereni zipo. Kichupa hakipo.

Siwafichi, nilimwita kwa jina mle chumbani, nikangoja aitike.

Nilipoona kimya nikarudi gereji. Baba mkwe yuko kwenye tairi lake, gazeti usoni.

"Baba, Ijumaa kuna mtu aligusa gari la daktari?"

"Mimi." Gazeti hakushusha.

"Ulifanya nini?"

"Ulipoenda dukani nikapita na spana yako. Upande mmoja umekaza vizuri. Upande wa pili bolti zinacheza kama meno ya mtoto wa miaka sita." Akalikunja gazeti taratibu. "Nikazikaza. Kalamu ulikuwa umeondoka nayo mfukoni, nikatia alama kwa nilichokuwa nacho."

"Ni mara ya kwanza?"

"Mkwe, kila gari unalofunga nalipitia. Tangu ile teksi uliyoiachia na gurudumu halina nati mbili."

Nikavuta ndoo, nikakaa mbele yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefunga gereji. Ukifunga gereji utakaa nyumbani uangalie ukuta. Alipokufa mama yake mkeo niliuangalia huo ukuta miaka miwili. Hauna kitu."

"Na kichupa?"

Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akakitoa, akakishika tu. "Hiki nilikichukua siku ya tatu ya msiba. Wala si kwa ajili ya bolti. Nilitaka kitu chake, nikaona haya kukuomba."

Jamani. Miezi mitano watu wananipa pole mimi, nami naitikia. Tunalala nyumba moja, tunakula sahani zinazotazamana, na huyu mzee sikuwahi kumpa pole hata siku moja. Aliyekufa ni mtoto wake.

"Pole, baba," nikasema.

"Ahsante, mwanangu," akasema, na midomo ikaanza kumcheza. Nikalia mchana kweupe, mbele ya wateja, kama sina akili. Yeye naye akalia, lakini yeye alijifunika na gazeti.

Daktari nilimpigia nikamweleza kila kitu. Nikajua nimempoteza mteja.

"Huyo mzee bado yupo hapo?" akauliza.

"Yupo."

"Nitalileta Jumatano alipitie tena."

Funzo langu si refu. Mfiwa akikwambia yuko sawa, usibishane naye, pita nyuma yake ukague. Na mkiwa wafiwa wawili nyumba moja, peaneni pole. Mimi nilijua msiba ni wangu peke yangu.