Sindano ya Kuku

Nina sentensi moja niliyowagawia watu wengi kuliko dawa yoyote. Nauza dawa za mifugo Kariakoo, duka la nyuma ya soko, na mwenye duka ni Mhindi mtaratibu ambaye hajawahi kula nyama maishani mwake, ila kuku wa Dar nzima anawajua kwa magonjwa yao. Mteja akishika chupa ya chanjo ya mafua ya kuku huuliza kama kweli ndani mna bakteria. Namjibu bila hata kuinua uso: "Wamo, ila wamekufa." Basi moyo wake unatulia, anapenya katikati ya mikokoteni na kwenda zake.

Jumapili moja wafu hao walinirudi mwenyewe.

Nilikuwa Magomeni kwa mama, uani, tukichanja kuku wake wa mayai. Tangu baba afariki mama anaishi kwa kuku hao, na anaringa nao. Habari ya kuhamia kwangu hataki hata kuisikia. Ana namna yake ya kumshika kuku. Anampakata, anamfunika kichwa kwa pindo la kanga, kuku anadhani jua limezama na kutulia tuli. Mimi navuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili, nachoma. Siku hiyo pindo liliteleza, kuku akajipigapiga, sindano ikatoboa ngozi yake na kutokea upande wa pili, ikaishia kwenye kidole gumba changu.

"Umejichoma," mama akasema.

"Wamekufa hao," nikamjibu kwa mazoea.

Sikupuuza, lakini. Niliosha kidole kwa sabuni, nikabeba ile chupa hadi zahanati ya mtaa wa pili. Zipo chanjo zenye mafuta, na hizo zikikuingia kidoleni unaweza kupasuliwa siku hiyo hiyo. Yangu ilikuwa ya maji. Wakanisafisha, wakaniambia nirudi nikizidiwa, nami nikarudi uani tukamalizia kuku waliobaki.

Kufika mchana kidole kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu, na baridi ikaanza kunipanda kutoka miguuni, katika joto lile la Magomeni. Nikajilaza barazani kwenye mkeka, natetemeka chini ya kanga mbili. Kuku waliochomwa dozi kamili walikuwa wanaparura mchanga mbele ya macho yangu na kugombea pumba. Mimi niliyeonja tone tu ndiye niliyelala. Niliwaonea hasira, nasema kweli.

Mama hakuwa na hasira. Aliweka mgongo wa kiganja kwenye paji langu, akauondoa, akauweka tena, akauondoa. Kisha akasogea pembeni na simu. Nikamsikia akimwambia mchuuzi wa kuku wa Kariakoo aje na matenga, awachukue wote, leo hii.

Nilikuwa na kaka. Homa ilimshika asubuhi, akiwa darasa la pili, watu wakamwambia mama ni homa tu ya watoto, itashuka. Jioni hatukuwa naye. Tangu hapo mama hangoji homa ishuke. Homa ikiingia nyumbani kwake lazima kitu kitoke, na safari hii alikuwa anawatoa kuku.

"Ukiwauza utaishije, mama?"

"Nitapika vitumbua. Wameshakupa ugonjwa wao hao."

"Hawana ugonjwa. Hebu waangalie."

Akawaangalia kwa muda mrefu. "Sasa mbona wao wazima wewe hoi, na dawa ni moja?"

Swali hilo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza. Nikaketi, meno yananigongana, nikamweleza kwa lugha ya mtaani kwetu. Bakteria akifa, nikamwambia, koti lake linabaki. Kwenye damu kuna chembe zinazolinda, kama sungusungu wanaolinda mtaa usiku. Zikiliona lile koti haziulizi kama mwenyewe yu hai au kafa. Zinapiga filimbi, na filimbi hizo ndizo homa. Sungusungu wa kuku wana roho ngumu. Wanaliona koti, wanalishika sura ili walikumbuke, kisha wanaendelea na lindo lao. Panya naye ni mvumilivu hivyo hivyo. Wa binadamu hawana subira hata kidogo, na farasi ndiye hajiwezi kabisa, kitu kidogo tu kinamlaza.

"Kwa hiyo nimezaa farasi," mama akasema.

"Na farasi huzaliwa na farasi."

Hakucheka. Guta la mizigo likasimama nje, na mchuuzi akaingia uani na matenga yake, mtu mzima mwenye sauti ya sokoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Subiri kidogo."

Macho ya mama yalikuwa bado kwangu. "Hiyo homa," akasema polepole, "siyo ugonjwa unaomla mtu? Ni hao walinzi?"

"Ndio hao. Wanahangaika."

Akashika pindo la kanga, akawa analizungusha kidoleni. "Na ile ya kaka yako?"

Nilikuwa najua na mengine. Chuoni nilifundishwa kwamba wakati mwingine bakteria huwa wengi kupita kiasi, walinzi wakapiga filimbi zote kwa pamoja, hadi fujo yao wenyewe ikaiangusha nyumba waliyokuja kuilinda. Kama ndivyo ilivyokuwa kwa kaka, sijui, na hakuna atakayejua. Nikayameza. Nilimpenda mno mama yangu wakati ule hata nisiweze kuyatamka, na mpaka leo sijayatamka.

"Walimpigania, mama," nikasema. "Kutwa nzima walimpigania."

Akalia kidogo, bila sauti. Mchuuzi akageuka na kujifanya anatazama kuku. Mama alipomaliza alijifuta uso, akaweka tena mgongo wa kiganja kwenye paji langu lililokuwa bado linachoma, na safari hii hakuuondoa.

"Rudi na matenga yako, baba," akamwambia mchuuzi. "Tunangoja homa ishuke."