Kiarabu cha Dereva

Ijumaa nilikuwa kwenye foleni ya tamis, ule mkate bapa wa Kiafghani, mtaa wa Sharafiya, Jeddah. Mbele yangu dada Mkenya, mfanyakazi wa nyumbani kule Al-Rawdah, alimmiminia mwokaji Mwafghani maneno bila kituo. Mwokaji akaweka mkono kifuani, akanigeukia kwa Kiarabu: "Kipashto hiki amejifunza wapi?"

Nikamuuliza dada.

"Kipashto gani? Si hii ni Kiarabu? Dereva wa madam amenifunza mwaka mzima."

Mwokaji akaeleza huku akicheka, nami nikatafsiri. Kipashto ni lugha ya Afghanistan na Pakistan. Kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu na nyingine za kwao, lakini ndugu yake ni Kiajemi. Vitu vina jinsia, mkate ukiwa wa kike, na kitenzi hungoja mwisho wa sentensi. "Huyo dereva," akamalizia, "alitaka tu mtu wa kuongea naye."

Dada akashika kidevu. "Na vile nimekuwa nikimhurumia madam. Nilidhani ni yeye hajui Kiarabu."

Akaondoka na mkate wake wa moto na wa pili wa zawadi. Mimi, mwenye Kiarabu safi cha madrasa, niliambiwa ningoje.