Simu ya Dorika Iliyokaa kwa Mkwe

Dorika ni jirani yangu hapa nje ya Ikungi tangu tulipoolewa, na kama kuna mwanamke anayejua kukaa na mkwe wake, ni yeye. Gaspari, mume wa binti yake Janeth, hajawahi hata kumwona akila. Akija anasimama kwenye uzio wa zizi, anaangalia pembeni, "Shikamoo mama." Naye Dorika anajibu kutoka jikoni, "Marahaba baba." Basi. Siku hizi nawaona wakwe wanakaa kochi moja wakitazama luninga. Shauri yao.

Gaspari ana duka la mbegu mjini. Mwaka jana alimnunulia Dorika simu ya kugusa. Simu hizo hutaka barua pepe, Dorika hakuwa nayo, Gaspari akaweka ya kwake. Alifanya kwa upendo. Nani huku hafanyi hivyo? Yangu mimi iliwekewa ya mwinjilisti.

Mvua zilipoanza, Dorika akaota jipu juu ya paja, mahali pa kuonyesha muuguzi tu. Kwa kuwa ana sukari, kidonda kiligoma kupona. Njia ilikuwa matope matupu, kwa hiyo muuguzi Anastazia akamwambia awe anakipiga picha na kumtumia. Dorika anafunga mlango, anafunua kitenge chake cha maua ya njano, anapiga, anatuma.

Mara Gaspari akaacha kuja. Mashudu ya ng'ombe akawa anayatuma kwa bodaboda. Na ubatizo wa mtoto wake ulikuwa karibu, baba na bibi wote wanatakiwa kanisani.

"Nimemkosea nini?" Dorika akaniuliza.

Janeth alipombana mumewe, alijibu tu, "Mama yako siwezi kumtazama." Janeth akaja, nami nipo hapo, akaichukua simu ya mama yake, akaichokonoa.

"Mama, simu ni yako, lakini kwa ile barua pepe inakaa kwa mume wangu. Kila picha unayopiga inafika kwake."

"Kila picha?"

"Kila picha. Na kile kitenge kinachoonekana humo alikununulia yeye."

Dorika akakaa chini hapo hapo uani. Hata kuku wa jirani walioingia kwenye alizeti hakuwafukuza.

Kisha akasema, "Nifungulie barua pepe ya kwangu. Ila si ya kampuni ile ile."

"Watu wote wanaitumia hiyo, mama."

"Gaspari kaona kwa bahati mbaya. Hao wa kampuni, wewe si ulisema wanaangalia mambo ya watu ili wauze matangazo?"

"Wakuangalie wewe, una nini?"

"Nina paja."

Mimi na Janeth tulicheka mpaka machozi, na yeye alicheka kidogo.

Janeth akafuta picha zote kwenye simu ya mumewe. Akamfungulia mama yake barua pepe ya kampuni nyingine, ambayo barua zake zinafungwa hata kampuni yenyewe isiweze kuzisoma. Akamwekea na programu nyingine ya kutumiana ujumbe. Humo picha ikishaonwa inajifuta. Anastazia naye akakubali kuiweka. Ile ya zamani, ambayo kwaya nzima tumo, Dorika akaitoa kabisa.

Leah wa kwaya hakumwacha. "Mama Janeth, umehamia porini peke yako! Unaongea na nani huko?"

"Na kidonda changu."

Lakini ilimgharimu. Zamu ya kufagia kanisa ilimpita hana habari. Sasa matangazo ya kwaya nampigia kelele mimi juu ya uzio, nikiyakumbuka.

Kidonda kilifunga. Siku ya ubatizo Dorika alivaa gauni, kitenge kile hakukigusa, akakaa benchi la nyuma. Gaspari alikaa mbele, shingo imekakamaa kama mtu aliyelalia vibaya. Mimi nilisema moyoni, hawa ndiyo basi.

Tulipokuwa nyumbani tukipakua pilau, nikasikia kikohozi kwenye uzio wa zizi.

"Shikamoo mama."

Mwiko ukasimama mkononi mwa Dorika. Janeth akaingia na kifurushi alichopewa na mumewe: kitenge kipya, cha buluu. Gaspari alikuwa bado amesimama kule, anatazama ng'ombe.

Dorika akajifunga kile cha buluu juu ya gauni, akakaza fundo.

"Marahaba baba," akajibu kutoka jikoni. "Janeth, mpelekee mumeo chakula. Minofu weka mingi."