Vidole vya Dada Kwenye Mpunga

Mimi nanunua na kuuza mchele hapa Ifakara, na magunia nayahesabu mara mbili hata yakiwa mawili. Kuamini watu si kazi yangu. Mtu pekee ambaye sijawahi kumhakiki ni dada yangu, anayeanika mpunga wa wakulima kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa. Hutembea peku juu ya turubai, akiburuta nyayo mstari kwa mstari, na mpunga unageuka nyuma yake. Vidole ndivyo vinavyomwambia umekauka kiasi gani. Akisema bado, ni bado. Wajuaji hukoboa mapema, wakarudi nyumbani na chenga, punje zilizokatikakatika.

Nundu iliyoota pembeni mwa kidole gumba cha mguu wake wa kulia ilipomshinda, alifanyiwa upasuaji. Nundu ikaondoka, kidole kikanyooka, akawa anawaonyesha majirani kama kitenge kipya. Lakini aliporuhusiwa kukanyaga kama kawaida, yakaja maumivu mengine, safari hii chini ya unyayo, kwa mbele, usawa wa kidole cha pili.

"Kama nakanyaga kokoto," alisema. "Natazama, kokoto hakuna."

Mavuno yalikuwa yanakaribia. Mwenye mashine, kwa upole wa mtu anayekufukuza, alimshauri akae kwenye mizani, uanikaji awaachie wenye miguu.

"Mizani hata wewe unaiweza," dada alimjibu. "Mpunga huuwezi."

Jeuri hiyo aliiacha uwanjani. Nyumbani alitembelea kisigino. Akakata kipande cha godoro, akakibandika kwenye kandambili pale pale panapouma. Maumivu yakazidi. Nikamshauri aongeze cha pili. Siku hiyo sikupewa chai.

Tukarudi hospitali. Daktari, binti wa rika la watoto wetu, alimwamkia shikamoo, akabonyeza unyayo mpaka dada akaruka.

"Mama, kidole gumba ndicho kilichokuwa kinabeba mzigo mkubwa. Baada ya upasuaji mfupa wake umefupika kidogo, hivyo mzigo umehamia kwa jirani, kidole cha pili."

"Na jirani mwenyewe ulivyomwona alivyo mwembamba!" dada akasema.

Nikauliza kama mzigo unaweza kurudi walau nusu. Ndiyo lugha ya biashara niliyokulia. Daktari akacheka, akasema ndicho anachotafuta. Akachukua kipande laini, akakiweka nyuma kidogo ya panapouma, upande wa kisigino, ili kiinue mifupa na kupumzisha sehemu ya mbele. Sisi tulikuwa tumeweka godoro pale pale panapouma, tukapagandamiza zaidi. Akasema apumzike kila baada ya kazi kidogo, na kama hali haitabadilika watafikiria upasuaji mwingine.

Kipande kilikuwa na mkanda wa kuzungushia mguu, na juu yake dada alivaa soksi mpya, maana kwenye mpunga wa watu hakuna kiatu. Akaingia turubaini. Akatoka.

"Sisikii kitu. Ni kama kuonja mchuzi nikiwa nimefumba mdomo."

Akaomba mkasi, akakata soksi mbele, vidole vyote vitano vikachungulia.

Mavuno yalipoanza alikuwa uwanjani. Anamaliza turubai moja, anakaa, ananyoosha mguu, anarudi. Mimi nimeuza mchele kwa watu wasiolipa, najua sura ya anayeficha maumivu. Nilimtazama, nikamtazama tena.

"Mguu unauma?"

"Kidogo. Niache nisikilize mpunga."

Mwenye mashine akaokota punje, akaing'ata, akatangaza kwamba mpunga uko tayari.

"Bado," dada akasema bila kuacha kuburuta nyayo.

Mkulima mmoja wa Idete alikuwa amefika na magunia yake kwenye toroli. Alimtazama mwenye mashine, kisha akamgeukia dada.

"Mama, basi wangu nitakoboa lini?"

"Kesho jua likiwa zuri. Leo shusha, utandaze."

Mwenye mashine akaitema ile punje. Kisha akaenda stoo mwenyewe kutafuta turubai jingine.