Jina Langu Mchangani

Baba yangu alikuwa fundi wa kufuata nyayo. Ng'ombe wa jirani akipotea huitwa yeye. Ataukagua mchanga wa mtoni mpaka amkute. Lakini akirudi huburuta tawi nyuma yake, afute nyayo zake mwenyewe. Adui akichota udongo ulioukanyaga, amekushika kwa uchawi. Hilo tulilinyonya na maziwa. Mimi niliishia darasa la pili, nikarudishwa machungani, kwa hiyo nikizunguka mnivumilie.

Basi, tulipohamia kijiji cha ujamaa, huku Bariadi, kukaja darasa la watu wazima. Nilitaka kusoma kuliko nilivyotaka ng'ombe. Penseli hakuna. Na mwalimu akatuambia mkaguzi anakuja. Asipoona tumeandika majina yetu, darasa linafungwa.

Wakati huo Mchina mmoja alikuwa akituchimbia kisima. Alisalimia “Mwangaluka”, salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, hata jioni. Akavunja tete, akachora chini, akatusimulia habari za mwandishi wa kwao wa kale. Baba yake alikufa mapema, mama hana karatasi, akamfundisha herufi mchangani kwa tete. Mtoto akakua, akaandika historia ya falme, wala watawala wabaya hakuwaficha. Wakubwa wakamtupa milimani. Huko akaandika raha ya kunywa pombe na wanakijiji, akajiita mzee mlevi.

“Huyo Msukuma,” akasema shemeji yangu. “Mmemwiba.”

Tukakata matete. Lakini kila mtu akiandika jina, analifuta kabla mwalimu hajafika. Kama unyayo unachotwa, jina je?

Mkaguzi akaja, akakuta mchanga laini, mtupu.

“Majina yako wapi?”

Nikamgeukia Mchina, aliyekuja kutazama: “Yule mwandishi, naye alifuta?”

“Mchangani alifuta. Vitabu hakufuta. Sisi tunasoma mpaka leo.”

Nikachukua tete, nikaandika langu, herufi kubwakubwa, nikasogea pembeni.

“Watakuchota, shemeji.”

“Wachote. Wasome kwanza.”

Shemeji akacheka, akaandika lake. Wake zetu wakafuata, na wazee, uwanja ukajaa mpaka mkaguzi akakosa pa kukanyaga. Akavua viatu, akapita ukingoni akisoma kwa sauti, na kila jina likapigiwa vigelegele. Darasa likabaki. Siku ile nilitembea kama mtu aliyeoa upya.

Kisima kilikuwa kimeshatoa maji. Mchina akaandika jina lake kando ya langu, alama kama kijumba cha matete, akabeba koleo, akashika njia ya Lamadi. Hakurudi tena.